Ulipima mwezi gani?

Kazi yangu ukiieleza kwa Kiswahili inachekesha. Nalipwa kuangalia nyasi. Baba aliponiuliza kwa simu, mwaka ule nilipoanza, nilimjibu, "Baba, kampuni ikitaka kuchimba changarawe mahali, sisi tunatangulia kwenda kuona kuna nini."

"Na huwa kuna nini?"

"Nyasi."

"Nyasi tu?"

"Nyasi tu, Baba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi mama, umepata kazi nzuri. Huku nyasi tunaziangalia bure."

Sisi ni watu wa Katesh, chini ya mlima Hanang. Sasa naishi Calgary, jimbo la Alberta, Kanada, na saiti zangu nyingi ziko kusini mashariki, kwenye mbuga kavu ambako ukisimama juu ya gari unaona mvua inanyesha wilaya nyingine. Nimezunguka saiti nyingi, lakini nitasimulia moja tu, kwa sababu ndiyo niliyochemka, tena nilichemka mbele za watu.

Iko saa mbili na ushei kutoka Calgary, upande wa mji wa Brooks. Ardhi ya huku ilikatwa miraba kwenye ramani kabla wakulima hawajafika, upimaji ulianza 1871: maili moja kwa maili moja, na kila mraba ukagawanywa robo nne za ekari 160. Mfugaji mmoja alikuwa na robo yake iliyokaa juu ya changarawe, na mkandarasi wa barabara alitaka kuchimba hekta 14 hivi upande wa kaskazini. Changarawe ni mali nzito na ya bei ndogo, kila kilomita ya lori inakula faida, kwa hiyo inatafutwa karibu na barabara inayojengwa. Na hapa sheria inampendelea mwenye shamba. Mafuta na gesi vilivyo chini mara nyingi ni vya serikali, lakini mchanga na changarawe ni vyake yeye mwenye ardhi ya juu. Kwetu Sheria ya Madini ya 2010 inahesabu hata kokoto kuwa madini, na bila leseni hugusi. Mzee yule kila tani ingemwingizia hela, na ng'ombe wake walikuwa wamepitia miaka mibaya ya ukame. Sikumlaumu wala simlaumu.

Changarawe yenyewe ni mgeni. Barafu kubwa iliyofunika nchi hii ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, mito ya maji yake ilibeba mawe na kuyatandaza pale ilipochoka. Ukichota mkono mmoja unapata jiwe la waridi lililotoka kwenye miamba ya kale ya kaskazini mashariki, mamia ya kilomita, na ubavuni mwake jiwe laini la rangi ya asali lililoanzia milima ya Rocky, upande wa pili kabisa. Chini ya changarawe kuna udongo mgumu wa mfinyanzi uliosagwa na barafu hiyohiyo. Huo haupitishi maji kirahisi. Maji yakizama kwenye changarawe yanafika hapo na kukaa, kama chai kwenye sahani. Kumbuka sahani hiyo.

Tulifika mwanzoni mwa Novemba. Kwenye machimbo ya hekta 5 na kuzidi katika ardhi ya mtu binafsi, jimbo linataka usajili chini ya kanuni zake za machimbo, na manispaa ya wilaya nayo inataka kibali chake. Mteja alikuwa na haraka ya vyote viwili. Baridi ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri, upepo wa magharibi, theluji ya kufunika vidole vya miguu. Mashine ya kutoboa ikatoboa visima vitano vya kupimia. Ndani ya kila kimoja tukashusha bomba la plastiki la inchi 2 lenye nyufa chini, tukamwaga mchanga safi pembeni, tukaziba juu kwa bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa. Nikatembea eneo lote kwa mistari, mita 50 kati ya mstari na mstari, kalamu imeganda, naandika kwa penseli.

Ninayo bado ile daftari. Niliandika: *Mbuga tambarare. Mashimo ya kindi wa ardhini, mengi, hayana dalili ya kutumika. Bonde dogo kavu kaskazini magharibi, halina umuhimu. Ndege: kunguru 2.* Halafu nikarudi garini kuwasha hita.

Machi mwishoni nikarudi kupima maji. Kamba ya kupimia ina kihisio mwishoni. Kikigusa maji, kengele inalia. Visima vinne havikulia. Cha tano kililia kwenye mita 5.2. Mkandarasi alitaka kuchimba mita 5. Nikaandika kwenye taarifa kwamba maji yako chini ya kina cha machimbo, bosi akasaini, ikaenda. Nilijisikia mtaalamu.

Kikao cha hadhara kilifanyika mwanzoni mwa Juni kwenye ukumbi wa mji mdogo pale karibu: viti vya kukunja, kahawa kwenye birika kubwa la umeme, biskuti za nyumbani. Watu wakauliza kuhusu malori, vumbi, kelele za mashine ya kusaga, maswali ambayo kila kikao huwa nayo na ambayo majibu yake tunayo tayari. Kisha akasimama mama mmoja wa miaka sabini hivi, jirani wa upande wa mashariki, miwani imeshuka puani, taarifa yangu mkononi, kurasa zimekunjwa pembe.

"Binti," akasema, "hivi vipimo vya maji ulichukua mwezi gani?"

"Novemba na Machi."

"Na mfereji hufunguliwa mwezi gani?"

Sikujua. Nilitazama bosi, naye akatazama karatasi. Ukumbi mzima ulijua. Mtoto aliyekuwa anachezea biskuti pale mbele nadhani alijua.

Nieleze kidogo. Eneo lile ni kavu, lakini tangu 1914, bwawa la Bassano lilipokamilika kwenye mto Bow, maji yanasambazwa mashambani kwa mifereji. Hufunguliwa majira ya kuchipua, karibu na Mei, na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Mingine ni ya udongo, na mfereji wa udongo unavuja. Mmoja ulipita mita 600 mashariki ya saiti yetu. Nilikuwa nimeuona. Novemba ulikuwa mtaro mkavu wenye theluji na nikaupiga picha kama mpaka wa eneo. Kwa kifupi, nilipima sahani wakati birika limefunikwa.

Yule mama hakunidhalilisha, hilo nalisema. Alikaa chini, akaongeza tu kwamba kisima chake cha nyumbani hupanda kila Julai na mumewe alikuwa akiandika vipimo ukutani jikoni. Baada ya kikao alinikatia kipande cha keki. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenifokea.

Manispaa ikaahirisha uamuzi, mkandarasi akanuna, bosi akaniambia maneno machache garini ambayo sitayaandika. Lakini kuahirishwa kule kukanipa kitu ambacho mteja mwenye haraka hakuwa amelipia: majira yote ya joto kwenye saiti moja. Kazi ya ndege na mawe tulikuwa tumeianza Aprili. Nyingine zote zikaanza upya.

Nianze na bundi, kwa sababu kila mtu alikuwa akimngoja. Mbuga hizi zina bundi mdogo mwenye miguu mirefu anayeishi mashimoni ardhini na kuonekana mchana amesimama kwenye kichuguu cha mlango wake kama mlinzi wa benki. Hachimbi mwenyewe, anarithi mashimo ya kindi na ya mnyama wa jamii ya nyegere. Katika Alberta anahesabiwa kuwa hatarini kutoweka, na akipatikana, kazi nzito inakaa mita 500 mbali na shimo lake. Novemba nilipotembea pale, hata kama wangekuwepo wakati wa kiangazi, wangekuwa wameshahama kusini, Texas au Mexico. Kwa hiyo Mei tukaenda na spika, tunapiga sauti ya dume, tunanyamaza, tunasikiliza. Mtoto wa Katesh nimesimama alfajiri nambembeleza bundi aitike! Bibi yangu angenifanyia dawa. Asubuhi tatu, hakuna aliyejibu. Tuliandika hivyo: hakuna. Safari hii neno "hakuna" lilikuwa na tarehe, saa, upepo na sauti iliyopigwa.

Ndege wengine walikuwepo. Yupo mmoja wa kahawia asiye na sifa yoyote ya kumtambua machoni, anaitwa pipiti wa Sprague, jina la mchoraji aliyesafiri mwaka 1843 na Audubon, mchora ndege maarufu wa Marekani. Ukimtafuta kwenye nyasi humpati. Yuko juu, mbali sana, nukta isiyoonekana, na wimbo wake unashuka kama sarafu inayozunguka mezani inapokaribia kutulia. Anaweza kuimba angani nusu saa bila kutua. Saa kumi na nusu alfajiri nilisimama kwenye kituo changu cha kuhesabia, shingo imeuma, nikahesabu watatu. Anapenda nyasi za asili ambazo hazijalimwa. Kwenye mti mmoja wa pekee, nje kidogo ya robo yetu, kulikuwa na kiota cha mwewe mkubwa mwenye mgongo wa rangi ya kutu, mla kindi. Huyo anadai mita 1,000 wakati wa kutaga na kulea. Kiota kile Novemba nilikiona pia. Niliandika "rundo la matawi."

Halafu ikaja ile mvua ya Juni.

Ilikuwa mvua ya radi, ilipiga mchana kutwa mpaka magari yakawa yanateleza barabara ya udongo. Saa nne kasorobo usiku, huku jua la kiangazi likiwa ndiyo kwanza linazama, mfugaji akanipigia simu. "Njoo usikilize," akasema, basi. Tukaenda na mwenzangu, viatu vya mpira, tochi za kichwani. Kelele tulizisikia kabla ya kufungua mlango wa gari. Fikiria bata mia wamekasirika na wote wana mafua. Zilitoka kwenye lile "bonde dogo kavu, halina umuhimu."

Lilikuwa limejaa maji ya magotini. Na kwenye maji, vyura. Nilimshika mmoja, maana lazima umgeuze ndipo umjue. Anaenea kiganjani, laini, mviringo, anatoa harufu inayokaribia ya karanga. Ukimmulika, mboni ya jicho inajibana na kusimama wima kama ya paka. Ukimgeuza, nyuma ya mguu ana kijembe kidogo cheusi, kigumu kama ukucha, na hicho ndicho chombo chake cha kazi. Anajizika nacho, kinyumenyume, na anakaa chini ya udongo sehemu kubwa ya mwaka akingoja mvua kubwa ya joto. Ikija, anatoka usiku uleule. Viluwiluwi vyake vina wiki tatu hivi kumaliza utoto kabla dimbwi halijakauka. Vikichelewa vinakufa.

Nilisimama pale na maji yameingia kwenye kiatu cha kushoto, nikafanya hesabu. Novemba walikuwepo. Walikuwa chini ya miguu yangu. Ile mashine yetu ya kutoboa tuliiegesha ukingoni mwa bonde hilohilo, tukanywea chai pale.

Siku hizi mtu akiniambia saiti haina kitu, namuuliza swali la yule mama.

Maji yakafuata. Nilipima kila wiki mbili. Katikati ya Juni, wiki chache baada ya mfereji kufunguliwa, kisima namba tano kilikuwa kimepanda kidogo, naweza kusema ni theluji tu iliyoyeyuka. Mwisho wa Juni kengele ikalia kwenye visima vitatu. Julai ya mwisho, vyote vitano. Namba tano kikalia kwenye mita 3.6. Yaani shimo lile la mita 5 ambalo nililiandika kuwa kavu lingekuwa na maji ya kumfika mtu kifuani, maji hayohayo anayokunywa mama wa miwani, na malori yenye dizeli yakipita juu yake. Nikaenda kwake na daftari langu tukalinganisha na ukuta wa jikoni. Marehemu mumewe alikuwa ameandika kwa penseli, mwaka kwa mwaka, na mwandiko wake ulikuwa bora kuliko wangu.

Sasa nyasi, ambazo ndizo kazi niliyomwambia Baba.

Robo ile ukiitazama kutoka barabarani ni kitambaa kimoja. Ukipiga magoti unakuta kumbe ni viwili, vimeshonwa katikati. Upande wa kusini uliwahi kulimwa na walowezi wa mwanzo wa karne iliyopita, kisha ukame ukawafukuza. Ukanda wote huu ulitelekezwa sana. Mwaka 1938 jimbo lilitunga hata sheria maalumu ya kusimamia mashamba yaliyoachwa upande wa mashariki. Pale palipolimwa pamepandwa nyasi zilizoletwa kutoka Siberia na Urusi kuzuia vumbi, zimesimama mafungu mafungu, na kati ya fungu na fungu udongo uko uchi. Upande wa kaskazini jembe halikupita. Pale unakuta nyasi fupi zenye vichwa vilivyojikunja kama kope za jicho, nyingine zenye mbegu ndefu kama sindano yenye uzi, na chini yake zulia la mimea midogo ya kijivu inayotambaa na kushikilia udongo. Zulia hilo likishapinduliwa haliwahi kurudi katika umri wa mtu. Zimepita zaidi ya miaka tisini na kule kusini bado halijavuka mstari wa jembe. Nimeutazama mstari huo kwa magoti yangu. Unaweza kuweka mguu mmoja huku na mmoja kule.

Udongo wa juu ni sentimita 12. Nilipima na rula. Hapo ndipo penye kila kitu, mizizi na mbegu, na mkandarasi akija na kijiko chake asipoutenga na ule wa chini, akauchanganya rundo moja, ndiyo basi.

Nilimtumia Baba picha ya mstari ule. Baba alikuwa dereva wa trekta miaka ya themanini katika mojawapo ya yale mashamba saba makubwa ya ngano ya Hanang yaliyolimwa kwa msaada wa Kanada. Wasomaji wa kwetu mnayajua: maelfu kwa maelfu ya ekari za malisho ya Wabarabaig zikageuzwa ngano, kesi zikaenda mahakamani. Mimi nililelewa na mshahara wa jembe lile. Alinipigia palepale.

"Kumbe kwao wameziacha zingine?"

"Chache tu, Baba."

"Na ndizo unazolipwa kuziangalia."

"Ndizo."

"Haya," akasema. Kwa Baba "haya" ni sentensi nzima.

Mawe niliyaweka mwisho kwa sababu ndiyo yaliyonikalia moyoni. Mwezi wa Aprili, theluji imetoka na nyasi bado hazijachipua, jua likiwa chini jioni, niliona kwenye mwinuko wa kaskazini duara. Mawe kama ya kichwa cha mtu, yamezama nusu ardhini, migongo yao ina ukungu wa rangi ya chungwa, yamejipanga mduara wa hatua kama saba upana. Kisha nikaona la pili. Kisha, ukishajua unachotafuta, la tatu na la nne. Watu wa Blackfoot, wenyeji wa asili wa mbuga hizi, walikuwa wakibana pindo za mahema yao ya ngozi kwa mawe. Wakihama, hema linaenda, mawe yanabaki. Alberta ina maelfu ya maduara kama hayo, na sheria ya urithi wa kale inayalinda, hayaguswi bila idhini ya wizara. Si mbali sana na pale, Majorville, kuna rundo la mawe na duara kubwa ambavyo watu walianza kuvijenga miaka 5,000 hivi iliyopita.

Tulimwita mtaalamu wa mambo ya kale mwenye kibali, na wazee wawili wa Blackfoot wakaja naye. Mmoja aliweka tumbaku kidogo kando ya duara la kwanza, akasimama. Hakutoa hotuba. Aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akauliza kama kwetu kuna nyasi. Nikasema zipo, nikasita, nikasema zilikuwepo.

Usiku ule nilimpigia Baba, nikamwelezea mawe, wazee, tumbaku. Wabarabaig humfanyia mzee wa heshima kaburi la kichuguu kikubwa cha udongo, bung'ed, na yapo yaliyolimwa wakati wa ngano. Hilo lilisemwa sana na halikuwa siri. Sikumuuliza. Sijawahi kumuuliza.

Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha.

"Kulikuwa na kimoja," akasema. "Mimi niliuliza. Nikaambiwa ni kichuguu cha mchwa, pita."

"Ukapita?"

"Ilikuwa Novemba, mama, mvua inakaribia. Nikapita."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Machimbo hayakuzuiwa, na mimi si mtu wa kuzuia machimbo. Barabara ninazopita zina changarawe. Yalihamishwa. Taarifa mpya ilipeleka shimo upande wa kusini, kwenye nyasi za Siberia, hekta 9 badala ya 14, na sakafu yake ikae mita moja juu ya maji ya Julai, si ya Machi. Kazi ya kung'oa udongo wa juu isifanywe wakati mwewe analea. Bonde la vyura lina uzio na bango, na mwinuko wa mawe hata gari haliendi. Mkandarasi alilalamika kwamba changarawe ya kusini ina mchanga mwingi, na ni kweli, ina mchanga mwingi. Mzee mfugaji atapata tani chache kuliko alizozitegemea. Alinisalimia bila kinyongo, ila keki sikupewa.

Binamu yangu anafanya tathmini za athari kwa mazingira huko nyumbani, mara nyingi mashimo ya moramu ya barabara, na huwa ananitumia rasimu nimsomee. Nimekuwa kero. Rasimu ya mwisho iliandika "eneo ni kavu, hakuna viumbe wa majini," nikampigia: "Mdogo wangu, ulikwenda lini?" Agosti. Agosti! Tanzania ina samaki wadogo wa madimbwi ya msimu, madume yao wana rangi kama kitenge kipya, ambao mayai yao yanalala kwenye tope lililopasuka kiangazi chote yakingoja mvua. Ukipita Agosti unakanyaga samaki na unaandika hakuna samaki. Na pale pale mkandarasi akiondoka bila kufukia, masika shimo linajaa, na sote tunajua ni watoto wa kijiji gani wataogelea humo. Akaniambia bajeti inaruhusu safari moja. Najua. Yangu pia iliruhusu moja. Nikamshauri kama hana safari ya pili, akakae na akina mama wanaochota maji karibu na pale, awaulize kisima kinapanda mwezi gani, kisha aandike kwenye taarifa kwamba aliwauliza.

Mwezi wa Julai mwaka jana nilirudi kupima visima, sharti la kibali. Mama wa miwani alinisindikiza kwa gari lake, anasema hayuko tayari kuniamini peke yangu. Kijiko kilikuwa kinafanya kazi kule kusini, udongo wa juu umerundikwa peke yake na umeanza kuota. Nilishusha kamba kwenye namba tano, ikalia.

"Ngapi?" akauliza.

"Tatu nukta tano."

Akatoa penseli, akaandika nyuma ya bahasha, akaniangalia nikiandika yangu. "Na tarehe," akasema.

Nilikuwa nimeshaiandika.